Kadi ya Mama Aika

Kila asubuhi, cherehani ya mama yake Aika ilianza kulia barazani kabla jua halijafika kwenye paa la kanisa la Elerai. Aika naye alikuwa na kazi zake: kufagia uwanja, kuteka maji kwenye bomba la jirani, kuwasha jiko la mkaa na kuchemsha chai. Wapita njia waliita kutoka barabarani, "Mama Aika!" na mama, bila kuondoa macho kwenye sindano, aliitika, "Abee." Hakuna aliyemwita Agnela, jina alilobatizwa. Tangu binti yake azaliwe mtaa mzima ulikuwa umelisahau, na yeye mwenyewe hakuonekana kulihitaji.

Taabu ni kwamba Elerai ilikuwa na Mama Aika wawili. Wa pili aliishi mtaa wa chini, mama mnene mcheshi aliyeuza vitenge sokoni. Aika wake alikuwa mtu mzima, ameolewa Dar es Salaam. Wanawake hao wawili waliitana "wajina" na kucheka, kwa sababu majina yaliyofanana hayakuwa yao bali ya watoto wao. Watu waliotaka kuwatofautisha walisema Mama Aika wa cherehani na Mama Aika wa vitenge, lakini mara nyingi walikuwa wavivu wa kumalizia.

Likizo ya Juni ilikuwa imefika, na ukungu wa Mlima Meru ulikuwa ukishuka hadi kwenye migomba. Aika alikuwa na huzuni. Mama yake mdogo Marta, aliyekaa Dar es Salaam, alikuwa amemwalika aende kuona maonyesho ya Sabasaba. Aika alikwisha kuwatangazia wenzake wote wa darasa la sita. Kisha mama akasema nauli haipo, labda mwakani. Mtoto akanuna, akajibu maswali yote kwa kutikisa kichwa, na mama akamwacha anune.

Siku moja mama alimtuma stendi kupeleka kikapu cha maparachichi, kisafirishwe kwa basi hadi kwa Marta. Miaka hiyo mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameongezeka, na kila kampuni iliwania abiria kwa njia yake. Moja iligawa soda njiani, nyingine ilionyesha video. Kampuni ya Kilele ilianzisha Kadi ya Nyota. Kila ukisafiri, kadi yako ilipigwa muhuri wa nyota, na ikijaa ulipewa safari ya bure. Kwa kuwa abiria walizipoteza kadi hizo, karani alizitunza mwenyewe ofisini, ndani ya kopo la biskuti.

Karani alikuwa kijana mgeni aliyeitwa Khalfani. Alipokea kikapu, akakifunga kamba, akamuuliza Aika ni mtoto wa nani.

"Wa Mama Aika, wa Elerai," alijibu.

Khalfani akatabasamu. Alifungua kopo, akapekua, akatoa kadi iliyojaa nyota kutoka pembe hadi pembe. Juu yake karani wa zamani, aliyewajua abiria wake wote kwa sura, alikuwa ameandika *Mama Aika, Elerai* tu.

"Mama yako ndiye yule anayekwenda Dar kufuata vitambaa?"

Ni kweli mama alikwenda Dar es Salaam kufuata vitambaa, mara moja tu, vya sare za kwaya. Lakini Aika alijua kadi ile ilikuwa ya nani pale pale alipoiona. Nyota nyingi kiasi kile zingetoka wapi kama si kwa mama wa vitenge, aliyesafiri mvua na jua? Alifungua kinywa aseme hivyo. Akaikumbuka Sabasaba.

"Ndiye," alisema.

Jibu hilo lilikuwa na kipande cha ukweli ndani yake, na Aika alikishikilia kipande hicho kwa nguvu zote. Khalfani alimweleza kuwa kadi imejaa, na kwamba safari ni ya mwenye kadi au mtu yeyote wa nyumbani kwake. Akauliza amwandikie nani. Aika alirudi Elerai na tiketi ya Jumamosi yenye jina lake, akitembea haraka kana kwamba kuna mtu anamfuata.

Mama alipoiona alishangaa. Yeye alikuwa na nyota chache mno, alisema, sasa hiyo kadi imejaaje? Aika alikuwa amelitayarisha jibu njiani. Alisema siku hizi wanahesabu hata mizigo, na wao wamemtumia mama mdogo vikapu vingi. Mama aliifikiria hoja hiyo kidogo, kisha akacheka kwa furaha na kusema biashara huria nayo ina mema yake. Jioni hiyo hiyo alitafuta mabaki ya kitambaa cha maua akaanza kumshonea binti yake gauni la safari.

Hapo ndipo Aika alipoanza kuumia. Angependa mama asifurahi vile. Kila aliposimama apimwe mabega au kiuno, alitamani pini imchome ili apate sababu ya kulia. Chakula hakikupita vizuri. Wenzake walipomuuliza kama kweli anakwenda Sabasaba aliwaambia ndiyo, na furaha aliyoisubiri haikuja.

Mchana wa Alhamisi Mama Aika wa vitenge aliingia uwanjani akiwa amebeba chane za ndizi mshare, zile za kupika, kichwani na furushi mkononi. Aika alikuwa barazani akishona vifungo. Aliinuka, akapokea mzigo, akasema shikamoo kwa sauti ndogo.

"Marahaba, wajina wa mwanangu. Nimesikia unasafiri."

Alikaa kwenye kigoda, na safari hii hakucheka. Alimweleza mama kwamba binti yake alikuwa anakaribia kujifungua, mtoto wa kwanza. Kwa Wachaga, mzazi hulelewa na mama yake. Mama ndiye humpikia mtori, zile ndizi zilizopondwa na nyama na maziwa, mpaka nguvu zirudi. Biashara ilikuwa imedorora kwa sababu sasa kila kona kuna mtu anauza vitenge. Hivyo tumaini lake lote la kufika kwa mwanawe lilikuwa kwenye kadi ya nyota. Lakini alipokwenda stendi aliambiwa safari imeshachukuliwa na mtu wa nyumbani kwake.

"Nyumbani kwangu nakaa na paka, wajina," alisema. "Nikamwambia yule kijana, basi paka ndiye atakayesafiri? Nikamwita mwizi mbele ya wapiga debe wote, wala sikumpa nafasi ya kueleza. Ameiuza safari yangu. Nimemsemea kwa tajiri wake, na tajiri ameapa kumfukuza."

Mama, aliyekuwa ameiamini ile hoja ya mizigo, alisikitika, akalaani vijana wa siku hizi. Sindano ilimchoma Aika kidoleni kweli, lakini hakulia.

Kisha mama wa vitenge alilifungua furushi. Ndani mlikuwa na nguo ndogo za mtoto na kofia ya sufu. Alimvuta Aika karibu, akamshika mikono yote miwili.

"Kwa kuwa mimi siwezi kufika, nakutuma wewe. Mna jina moja naye, nitajihesabu nimefika. Mpe ndizi hizi. Mwambie azipike taratibu, asitie maziwa kabla hazijaiva. Mwambie mama yake hakumsahau."

Aika aliitikia kwa kichwa. Mama yule alipoondoka alibaki akizitazama zile ndizi. Ndizi zingepanda basi na kukaa miguuni pake, na yeye angekaa kwenye kiti cha mwenye ndizi. Alijaribu kurudi kwenye vifungo, akashindwa. Akaliona gauni la maua likining'inia mlangoni na moyo wake ukakataa kabisa.

"Mama," alisema, "si Khalfani. Ni mimi. Ile kadi ni ya wajina wako. Nilijua."

Cherehani ilinyamaza. Aika alisema yote, jibu la nusu kweli alilotoa stendi na uongo wa mizigo, huku machozi yakidondokea vifungo. Mama hakupiga wala hakufoka. Alikaa tu, mikono imelala juu ya kitambaa. Barabarani mtu alipita akaita kama kawaida, "Mama Aika!" Mama hakuitika. Mtu yule akaita tena, akangoja, kisha akaenda zake. Katika maisha yake yote Aika hakuwahi kusikia mama akiitwa bila kuitika, na kimya hicho kilimuuma kuliko fimbo.

"Chukua tiketi," mama alisema mwishowe. "Na ndizi. Twende."

Walimkuta mama wa vitenge akilisha paka. Aika alipiga magoti, akamkabidhi tiketi, akarudia maneno yale yale kwa mara ya pili. Yalikuwa mazito zaidi. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikunjamana kwa hasira, halafu kitu kingine kikaingia, akajishika kichwa.

"Yule kijana," alisema. "Nimemtukana mtoto wa watu."

Asubuhi ya Ijumaa walikwenda stendi wote watatu. Khalfani alikuwa bado dirishani, macho mekundu. Tajiri alikuwa amempa hadi Jumamosi aondoke. Wapiga debe walisogea wasikie, kwa kuwa ugomvi wa juzi ulikuwa umewafurahisha sana. Mbele yao wote Aika alisema kuwa karani hakuuza kitu, kwamba yeye ndiye aliyechukua safari isiyo yake akijua. Mama wa vitenge naye akaomba radhi, na yeye hakunong'ona, maana alipomwita mwizi hakunong'ona. Tajiri alitoka ofisini, akasikiliza, akamwambia Khalfani aendelee na kazi, ila kuanzia leo aandike majina kamili.

Khalfani alishika kalamu akamuuliza mama wa vitenge jina lake. Mama yule alisita kama mtu anayetafuta kitu kabatini.

"Elinaike," alisema, na wapiga debe wakashangaa kwamba ana jina.

Khalfani alimgeukia Aika. Alisema hata yeye alikuwa na kosa, angepaswa kuuliza zaidi. Lakini alikuwa amelala siku mbili bila kujua atawaambia nini wazazi wake, na alitaka Aika alijue hilo. Aika alisema samahani. Aliona neno hilo ni dogo sana, ila hakuwa na jingine.

Jumamosi Aika alibeba ndizi mpaka mlangoni mwa basi. Kabla ya kupanda, mama wa vitenge alimwinamia.

"Unajua kwa nini nilimtukana yule kijana kwa ukali vile? Kwa sababu ile kadi haikuwa imeandikwa Elinaike. Ilikuwa imeandikwa Mama Aika. Niliona ameiba jina la mwanangu. Sisi kina mama tunayaacha majina yetu, tunajifunika ya kwenu. Mkifanya mema, tunaitwa kwa mema hayo. Mkidanganya, sokoni na kanisani tunaitwa kwa uongo huo. Mama yako hana kanga nyingine ya kuvaa. Basi itunze hiyo ikae safi, na ikichafuka ifue mapema kama ulivyofanya." Akamgusa shavu. "Na paka wangu atakula kwenu mpaka nirudi."

Basi liliondoka. Aika na mama walipanda kilima cha Elerai. Aika alijua Sabasaba itapita bila yeye, na kwamba wenzake atawaambia ukweli yeye mwenyewe. Jambo hilo lilimuuma, lakini uzito uliokuwa kifuani haukuwepo tena.

Nyumbani mama alilikunja gauni la maua akaliweka sandukuni. Alivuta kiti, akatia uzi kwenye sindano. Aika alishika ufagio, ila hakufagia. Alikuwa akisikiliza barabara.

Hatua zilikaribia, na mtu akaita, "Mama Aika!"

Mama aliinua macho kutoka kwenye sindano, akamtazama binti yake.

"Abee," aliitika.