Sauti ya Ghati kwenye Toleo la Zamani

Uvumi ulianzia Bweri: kuna gemu la mkononi lililofunguliwa na mafundi, na ndani yake anaongea mtoto aliyekufa. Inspekta Bhoke aliusikia akinunua dagaa. Akacheka, akaondoka nao. Mwanawe naye analo gemu la namna hiyo. Wiki nzima uvumi ulimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Jumatatu asubuhi kijana mmoja wa Makoko aliweka gemu juu ya kaunta ya kituo.

"Limeuawa," alisema.

Konstebo akaangua kicheko. "Sasa tulipeleke mochwari?"

Kijana hakucheka, hakukasirika. Aliitwa Burito, miaka kumi na tisa.

"Humo kulikuwa na sauti ya mdogo wangu, Ghati. Malaria ilimchukua mwaka jana. Alikuwaga ananisomea hadithi, namrekodi. Jana jioni nimetoka kwaya, nalikuta hivi. Sauti hazipo tena."

"Nakala nyingine?"

"Hakuna."

Konstebo akainamisha kichwa. Bhoke akafungua jalada.

Fundi Isidori wa Mwisenge ndiye aliyelifungua gemu hilo ili lipokee vitu ambavyo kampuni hairuhusu. Nyuma bado lilikuwa na plasta yenye mwandiko wake: USIAPDETI.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," Bhoke alisema.

"Afande, kila gemu lina programu ya ndani, na programu ina toleo. Hili tuliliacha toleo la zamani makusudi, ndilo linakubali kadi yetu ya kuunga, yenye zile sauti. Toleo jipya haliitambui. Mtu kaliapdeti, yaani kaliwekea toleo jipya. Likaona kadi ngeni, likauliza: niifute? Akakubali."

"Lini?"

"Jana, saa nne asubuhi."

"Sauti zitarudi?"

"Nimejaribu kwa kompyuta. Kadi tupu."

"Intaneti aliitoa wapi?"

Isidori akafungua orodha ya mitandao. "Simu ya mtu. Imeandikwa Sabina Butiama."

Nyumbani Makoko, mama yake Burito, Yuliana, alikuwa anapepeta mchele. Burito alisimama mlangoni.

"Mama, jana ulikuwa wapi?" Bhoke aliuliza.

"Butiama, afande. Kwa dada."

"Dada anaitwa nani?"

"Sabina."

"Na gemu la Burito?"

"Lilibaki humu. Mimi na gemu wapi na wapi?"

"Jana saa nne lilikuwa linakula bando la Sabina."

Ungo ukasimama.

"Nilibonyeza mimi," Yuliana alisema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Niliishia la saba, lakini yesi naijua."

"Kwa nini?"

"Binti wa dada amejifungua. Mtoto tukampa jina la Ghati, ili Ghati wetu arudi nyumbani. Mtoto analia, hanyonyi. Watu wakasema jina limekataa, mwenye jina bado anaongea mahali. Jumamosi nilimsikia kwa masikio yangu, anacheka chumbani kwa kaka yake. Watu wanasema apdeti inaondoa vyote walivyochezea mafundi. Nikalibeba kwenye kikapu mpaka kwa mtoto, ili Ghati amwachie jina."

"Mtoto alinyamaza?"

Yuliana aliutazama mchele.

"Hapana, afande. Leo alfajiri wamempeleka hospitali Bunda. Ni sikio. Lina usaha."

Kuku aliingia, akadonoa punje, hakuna aliyemfukuza.

"Ungeniuliza, mama," Burito alisema.

"Ningekuuliza, ungekataa."

"Ningekataa."

Bhoke alimgeukia. "Wewe ndiye mlalamikaji. Jalada nilifanyeje?"

"Lifunge," Burito alisema.

Akaingia chumbani kwake. Yuliana akaendelea kupepeta. Mchele ulikuwa safi tangu zamani.

Jioni Bhoke alichukua daftari la mwanawe, akaandika ukurasa wa nyuma, kwa mama yeyote atakayelishika:

Usiapdeti gemu la mtoto kabla hujamuuliza mwenyewe.
Usibandue wala kupuuza plasta ya fundi.
Usibonyeze yesi kwa swali usilolielewa.
Usiweke sauti ya mtu unayempenda mahali pamoja tu.
Usiuulize uvumi kwa nini mtoto analia. Mtazame masikio kwanza.