Breki za Baba Shamila

Sisi tunakaa Chilangala, Newala, na kazi yetu ni korosho. Mwezi wa sita ukifika, toka alfajiri unasikia mashine za kupulizia mikorosho zikinguruma kila shamba. Zikiharibika zinaletwa kwetu, kwa mume wangu Halfani, Baba Shamila. Anakaa chini, anafungua yote, anafunga, anavuta kamba. Mashine inawaka. Mara nyingi zinambakia nati mbili tatu mkononi. Ukimwuliza, anasema hizo ni za ziada, wenye kiwanda wanaweka za akiba.

Mwaka jana tulinunua pikapu kuukuu. Baba Shamila akasema gari hili fundi hataligusa.

"Gari ni mashine ya kupulizia yenye magurudumu," alisema.

Mimi nilicheka. Nawaandikia kina mama wenzangu: msicheke.

Binti yetu Shamila alikuwa na mimba ya mapacha. Kliniki walimwambia asijifungulie kijijini. Ashuke Masasi mapema, akae kwa shangazi yake Mkomaindo, karibu na hospitali. Mumewe yuko kazini Mtwara, kwa hiyo kumpeleka ilikuwa juu yetu. Tukapanga Jumamosi. Na njia ya kushuka kutoka huku kwetu juu mnaijua. Mteremko mrefu, kona juu ya kona, na upande mmoja ni bonde tu.

Jumatano breki zikaanza kulia kama mbuzi aliyefungiwa nje. Nikasema tumwite fundi Anderson wa Newala mjini. Baba Shamila akaniuliza kama nimesahau nimeolewa na nani.

Akapiga jeki juu ya mchanga. Mchanga wa huku ni laini, jembe linazama lenyewe. Jeki nayo ikaanza kuzama taratibu, na mwenyewe yuko chini ya gari, inaonekana miguu tu. Nikamwambia atoke. Akasema nisimpigie kelele, anahesabu springi. Basi nikaishika ile miguu, nikamvuta kama gunia la mihogo. Jirani yetu Mama Winfrida akadhani tunapigana, akaja mbio kuamulia. Tukiwa bado tunamweleza, gari likashuka, likalala pale pale kilipokuwa kifua cha mume wangu.

Baba Shamila akainuka, akajikung'uta mchanga. Kisha akasema ile jeki ni mbovu.

Akaenda kuazima nyingine. Jioni akatangaza amemaliza. Mkononi alikuwa na springi mbili na kipande cha chuma mfano wa kijiko. Mafuta ya breki yalikuwa yamemwagika, akajazia oili ile ya kuchanganya na petroli ya mashine za mikorosho. Nilipouliza, akajibu kuwa mafuta ni mafuta.

Nikamwambia mwenye mimba hapandi mpaka gari lijaribiwe. Alhamisi asubuhi akaingia peke yake, akawasha, akapiga honi ili watu wamwone. Alipokaribia uwanja wa Mama Winfrida akakanyaga breki. Mguu ukaenda mpaka chini kama umekanyaga uji. Gari halikusimama. Likapita na kichanja cha vyombo, likapita juu ya mkeka wa mihogo iliyoanikwa, kuku wakaruka, likaenda kujichimbia kwenye rundo la mchanga wa matofali. Sufuria moja ikabaki juu ya boneti.

Mama Winfrida akamsogelea dirishani.

"Shemeji," alimwuliza kwa upole, "si ungepiga hodi?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Shamila hakucheka. Alisimama barazani, mikono juu ya tumbo.

"Baba," alisema, "kule kwenye mteremko hakuna rundo la mchanga."

Baba Shamila akashuka garini. Kisha akanipa simu yake, akasema nimpigie huyo Anderson.

Fundi alifika adhuhuri kwa bodaboda. Akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba ya chini chini. Kabla ya kuinua gari aliweka ubao mpana chini ya jeki isizame. Akazuia magurudumu kwa mawe, kisha akaweka magogo manene ya kulishikilia gari. Alisema jeki ni ya kuinulia, siyo ya mtu kulala chini yake. Halafu akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akanusa.

"Mzee, humu umeweka nini?"

"Oili. Nzuri kabisa, ya dukani."

"Breki ina mafuta yake. Ndani kuna mipira inayozuia yasivuje. Oili inaivimbisha mipira hiyo, inaiharibu. Tena ulipofungua, upepo umeingia kwenye mabomba na hukuutoa. Ndiyo maana mguu ulizama."

Baba Shamila akajitetea kwamba mashine za mikorosho hazijawahi kumkatalia.

"Mashine ikizima, mkorosho unakusubiri," fundi akasema. "Na springi hizi?"

"Za ziada."

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

"Gari halina cha ziada, mzee. Ukifunga kikabaki kitu, hujamaliza."

Kazi ilichukua siku mbili. Mipira yote ilibadilishwa, mabomba yakasafishwa, mafuta yenyewe yakawekwa na upepo ukatolewa. Tungemwita Jumatano, angebadilisha tu viatu vya breki vilivyolika, vile vinavyobana gurudumu, akaenda zake. Sasa tulilipia yote, pamoja na sahani za Mama Winfrida.

Lakini fundi hakumdharau mume wangu. Alimwonyesha kazi zake mwenyewe: kila asubuhi atazame maji, oili, upepo wa matairi na kimo cha mafuta ya breki. Mafuta ya breki yakipungua asijazie tu na kuondoka, amwite, maana huenda yanavuja. Breki na usukani awaachie waliosomea. Baba Shamila akauliza maswali mengi kuliko mtoto wa shule.

Jumamosi walilijaribu kwanza tambarare, yeye na fundi. Ndipo tukapanda. Kwenye mteremko mimi nilishika mlango kwa mikono miwili, nikisoma dua zote ninazozijua. Baba Shamila alishuka kwa gia ndogo, kama alivyoelekezwa, ili breki zisichemke. Kona ya kwanza akakanyaga, gari likatii. Ya pili, likatii. Nikageuka kumwangalia mwanangu. Alikuwa anakoroma.

Siku ya tisa baada ya kufika Masasi, Shamila akajifungua salama, wa kike na wa kiume. Tulipoingia wodini, Baba Shamila akapewa mmoja ampakate. Mtoto akaanza kulia. Akamtazama juu, akamtazama chini, akageuza nepi kidogo, akairudisha kama ilivyokuwa.

"Mwiteni nesi," alisema. "Mimi hapa sifungui kitu."