Hita Aliyochomekewa Mama Mkwe

"Mkamateni huyo. Ndiye aliyemchoma mama."

Jamani, bado nilikuwa nimeshika sahani za wageni wa msiba wa mama mkwe. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ananinyooshea kidole mbele ya askari na waombolezaji wote...

Hakuna aliyenitetea. Hata mmoja.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Mume wangu alifanya kazi nje ya nchi miaka mingi. Aliporudi alikuja na vitu vya ndani: friji, mashine ya kufulia, pasi, hita ya chumbani. Vitu vya maana, ila vilitengenezwa kwa umeme wa kule, volti mia na kumi. Umeme wetu ni zaidi ya mara mbili ya huo. Kwa hiyo tulivitumia kupitia transfoma, boksi zito la chuma linalopunguza umeme kabla haujafika kwenye kifaa.

"Mke wangu, ukichomeka moja kwa moja ukutani umeita moto," aliniambia.

Alipofariki, hata maua ya kaburini hayajanyauka, shemeji akaja na gari la mizigo.

"Vitu vya mdogo wangu vinarudi kwao."

"Na mimi, shemeji?"

"Wewe si utaolewa tena?"

Wakabeba kila kitu. Transfoma wakaiacha sakafuni.

"Shemeji, chukueni na hii. Vitu havitumiki bila hii."

"Nibebe chuma chakavu mimi? Acha ujanja. Unatafuta sababu ya kutufuata nyumbani."

Nikamtumia ujumbe wa sauti, nikamweleza polepole. Nikaona umesikilizwa. Jibu hakuna...

Mama mkwe aliishi kwa huyo shemeji. Mifupa yake haikupatana na baridi. Asubuhi moja ya mvua akachomekewa ile hita, mlango ukafungwa ili joto lisitoke. Hita ikawaka kupita kiasi, pazia likashika moto, kisha godoro. Miguu yake haikuwa na nguvu ya kukimbia.

Yule mama aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Kituoni shemeji alishikilia lake.

"Aliiharibu hita kabla hatujaichukua. Alikuwa na kinyongo."

Nikaomba simu yangu. Nikaufungua ule ujumbe, askari akasikia sauti yangu: "Shemeji, hasa hita. Tafadhali usiichomeke bila transfoma."

Shemeji hakutikisika.

"Sijawahi kuusikia. Simu yangu inashikwa na kila mtu pale nyumbani."

Askari akanigeukia. Nikajua nimekwisha.

Ndipo mke wake, aliyekuja naye kituoni, akasimama. Mwanamke mpole, tangu nimjue sijamsikia akimpinga mumewe.

"Aliyeusikiliza ni mama," akasema.

Askari akamwambia aendelee.

"Mama alimwambia mume wangu, 'Mwanangu, hita hiyo irudishe, mke wa mdogo wako ametuonya.' Nilikuwepo. Akamjibu, 'Unamtetea yule mwanamke? Leo utaiota hiyo hita uone kama utakufa.' Akaichomeka mwenyewe. Akatoka, akafunga mlango."

Shemeji aliangalia viatu vyake.

Niliachiwa siku ileile. Yeye yuko nje kwa dhamana, kesi inaendelea. Mke wake sasa anaishi kwangu, hana pengine pa kwenda.

Jana shemeji alinipigia.

"Shemeji yangu, tuyamalize kifamilia. Usimwambie mtu."

Nikakata simu, nikakaa chini kuwaandikia nyie.

Ndugu zangu, kifaa kikitoka nje ya nchi, kigeuze nyuma usome kinataka umeme gani kabla hujachomeka. Na mtu akikuonya, msikilize hata kama humpendi.

Mama mkwe alinisikiliza. Yeye ndiye aliyekosa wa kumsikiliza.