Ukingo wa Kikapu

Kila asubuhi Matilda Kalinga alianza na mama yake. Alimwosha uso, akamkalisha kwenye kiti karibu na mlango, akamnywesha uji. Kisha alibeba ndoo ya nyanya na kwenda barabarani. Hapo Ilula wasafiri husimama na kununua.

Mama yake, Evarista, alikuwa fundi wa vikapu vya milulu, yale majani marefu ya bondeni. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na mguu pia. Tangu hapo vikapu saba vya Matilda, aliyekuwa mwanafunzi wake, vilikaa kwenye kona bila ukingo. Katika nyumba ile mwanafunzi hakufunga ukingo wa kikapu chake. Mwalimu ndiye aliyeufunga, mpaka siku atakaposema, "Sasa funga mwenyewe." Evarista hakuwa amesema hivyo. Matilda naye hakuthubutu kuuliza. Na kikapu kisicho na ukingo nani atakinunua?

Siku moja ilikuja barua kutoka baraza la sanaa. Baraza lilikuwa limepokea maombi yake na kuona picha ya kikapu chake. Sasa lilimchagua kwenda Iringa mjini, kwenye mafunzo ya miezi sita. Aripoti Jumatatu.

Matilda alifurahi mno. Halafu akamtazama mama yake. Nani angemnywesha uji?

Hakumwambia mtu. Yeye aliamini kwamba barua ya ofisi haijibiwi: unakwenda, au unaacha. Aliificha chini ya mzigo wa milulu, akaenda kuuza nyanya. Siku hiyo aliuza huku machozi yakimlengalenga.

Aliporudi, alikuta mzigo wa milulu umevutwa kwa fimbo hadi kwenye kiti, na mama yake ameshika barua kwa mkono wa kushoto. Evarista alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima. Alisoma polepole, lakini alisoma.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Si kitu, mama. Nimeamua kubaki."

"Umeamua? Au mimi ndiye nimekufunga?"

Matilda alinyoosha mkono kuichukua barua.

"Sikiliza," Evarista alisema. "Mkono wangu ndio umekufa. Mimi sijafa."

Mlangoni ikasikika sauti. "Hodi! Kamwene!"

Alikuwa Nasrin, mama Abdulkarim, jirani yao muuza vitenge, akisalimu kwa Kihehe. Ndiye aliyetuma ile picha kwa simu yake, na alikuwa mjumbe wa baraza la sanaa. Evarista alimpa barua. Nasrin akasoma, akamgeukia Matilda.

"Mbona hukuniambia? Mficha uchi hazai, binti."

"Ningesema nini, mama Abdulkarim? Wamesema Jumatatu."

"Hii siyo hati ya mahakama! Tazama hapa chini. Kuna namba ya simu. Unadhani wameiweka kama pambo?"

Matilda alitabasamu kidogo.

"Baraza ni letu," Nasrin aliendelea. "Linawatafutia vijana walimu, vifaa na mahali pa kuonyesha kazi zao. Lakini kazi yake si kuwahamisha vijana tu. Linatakiwa pia kulinda sanaa ya hapa isife. Tukinyamaza, litajuaje shida zetu? Andika. Taja shida yako, kisha sema unaloomba. Na kwenye maombi yako, nani uliandika alikufundisha?"

"Niliandika nimejifunza nyumbani."

"Nyumbani ni nani?"

Matilda aliinamisha kichwa. Aliona aibu kweli. Jioni hiyo aliandika barua nyingine, na jina la mama yake alilitaja mwanzoni kabisa.

Wiki iliyofuata alikuja katibu wa baraza, bwana Saulo. Evarista alimwagiza Matilda alete kikapu kimoja. Akafumba macho, akapitisha vidole vya mkono wa kushoto juu ya msuko.

"Mstari wa tisa umelegea. Fumua."

Matilda alifumua, akasuka upya. Mama yake akapapasa tena. "Bado. Fumua." Saulo alikaa pale saa nzima bila kuaga.

"Mama, unaweza kufundisha na wengine?" aliuliza mwishowe.

"Mdomo upo. Vidole vitano vipo."

"Siwezi kuamua peke yangu. Nitalipeleka jambo hili kwenye kikao."

Kikao kilichukua muda, kama vikao vyote. Mwezi uliofuata jibu lilikuja. Baraza lingeleta darasa Ilula, mara mbili kwa wiki, kwenye kibaraza cha nyumba ya Nasrin. Mwalimu ni Evarista. Jumamosi Matilda angekwenda Iringa kujifunza rangi na namna ya kupata soko, na siku hizo Nasrin angekaa na mama yake.

Walikuja wasichana wanane na kijana mmoja, Anord, aliyechekwa siku ya kwanza tu. Evarista alifundisha kutoka kwenye kiti chake. Neno "fumua" lilisikika mpaka njiani.

Baada ya miezi mitano baraza likatangaza maonyesho Mbeya. Matilda alisuka kikapu kipya, akakiweka mapajani mwa mama yake. Darasa zima lilisogea karibu. Evarista alifumba macho, akapapasa kitako, akapanda mstari kwa mstari mpaka juu. Akarudia. Matilda alingoja kuambiwa afumue.

Evarista alifumbua macho. Alimrudishia binti yake kikapu.

"Sasa funga mwenyewe," alisema.

Matilda alikaa chini karibu na miguu ya mama yake. Akachukua mlulu, akaanza kufunga ukingo.