Oili Chini ya Gari Jekundu

Kila Jumapili, akishamaliza kufua sare zake za shule na kuzianika, Kibiriti alivaa suruali kuukuu ya mama yake, akaikunja miguu mara tatu, kisha akaingia bandani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu ukimgusa kidogo tu, anawaka.

Mama yake alikuwa fundi katika karakana ya mabasi. Siku sita za wiki alitengeneza magari ya wenyewe. Siku ya saba alilitengeneza lake: gari dogo jekundu la spoti, lenye viti viwili tu, ambalo alilikuta limetupwa na kuku wanatagia ndani. Miaka miwili sasa alikuwa akilifufua, kipande kwa kipande. Majirani walicheka mpaka wakachoka, na siku injini ilipounguruma kwa mara ya kwanza, wote walikuja kupiga picha nalo.

Jumapili hiyo kazi ilikuwa kuondoa kipasha oili.

"Ni hiki hapa," mama alisema, akiwa amelala chali chini ya gari lililoinuliwa kwa stendi za chuma. Aligonga kitu cha bati nene kilichobanwa kati ya injini na filta ya oili. "Kiliwekwa na kiwanda. Maji ya moto ya rejeta yanapita humu ndani, oili inapita pembeni yake, basi inapata joto upesi asubuhi. Kwenye nchi za barafu ni neema."

"Na kwetu?"

"Kwetu jua linachemsha hata mawazo! Na hiki kimeshazeeka. Kikitoboka ndani, maji na oili vitachanganyika, na mchanganyiko huo ni sumu ya injini."

Walimwaga maji kwenye ndoo na oili kwenye beseni. Mama alifungua filta, akachomoa mipira miwili ya maji, kisha akaizungusha bolti ndefu ya katikati mpaka kipasha oili kikaachia na kumwangukia mikononi. Akafunga bolti fupi mahali pake, ili filta mpya ikae moja kwa moja kwenye injini. Mipira miwili ya maji akaiunganisha kwa bomba dogo, ili maji yaendelee na safari yao.

Simu ikalia ndani. Mama alikwenda kupokea, akarudi mbio. Ilikuwa hospitali. Bibi, aliyefanyiwa upasuaji wa macho, angeruhusiwa kurudi nyumbani Jumamosi.

"Wananisubiri kwenye simu," mama alisema akijifuta mikono. "Wewe futa pale filta itakapokaa. Chukua kitambaa kisafi, kisha pitisha kidole kuzunguka kote. Pasibaki kitu chochote."

Kibiriti alijilaza chini ya gari. Kule juu kulikuwa na giza na mkono ulimuuma. Nje, wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kuruka kamba. Akapitisha kitambaa mara moja, fyuu, akatoka.

"Umefuta?" mama aliuliza aliporudi. "Umepitisha kidole?"

"Ndiyo, mama. Tayari."

Mama akafunga filta mpya, akamimina oili mpya, akawasha injini. Ikanguruma vizuri. Akaizima, akatabasamu.

Asubuhi ya Jumatatu, Kibiriti alipopita bandani akielekea shule, aliona doa jeusi chini ya gari, dogo kama kifuniko cha chupa. Alipoinua macho, akakutana na macho mengine. Jirani yao alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, shingo mbele, anachungulia.

Watoto wa ua ule walimwita Mzee Darubini. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, na hakuna kilichompita bila kukikagua, iwe nguo kwenye kamba, sufuria jikoni, au baiskeli za watu.

"Shikamoo, babu," Kibiriti alisema, akimkazia macho.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yupo?"

"Ameshakwenda kazini. Una shida gani naye?"

"Aa, si kitu. Nitamwona." Akaondoka akiburuta ndala zake.

Si kitu? Neno hilo lilimkaa Kibiriti kooni kama mwiba wa samaki. Mtu anachungulia gari la watu alfajiri, halafu si kitu?

Jioni mama alirudi amechoka hoi. Kama alivyofanya kila jioni wiki ile, aliwasha injini dakika chache, akaisikiliza, akaridhika, akaingia kuoga. Jumanne asubuhi doa lilikuwa kubwa kama sahani, na kando yake palikuwa na alama ya ndala. Kibiriti alilimwagia mchanga, wala hakumwambia mama yake. Alitaka kwanza amkamate mtu huyo, ndipo aseme. Jumatano alimwona Mzee Darubini akitoka upande wa banda na kopo mkononi, vidole vyake vyeusi kwa oili.

"Anaiba oili yetu," alimwambia rafiki yake wakati wa mapumziko. Rafiki huyo waliyemwita Wakili hakukubali jambo lolote bila kubishana.

"Ulimwona akiiba?"

"Nimeona kopo. Nimeona ndala. Nimeona vidole!"

"Kuona vidole si kuona wizi. Oili ya injini ataifanyia nini, ataikaangia mayai?"

"Wewe unamtetea kwa sababu anakupa karanga."

"Na wewe unamshitaki kwa sababu humpendi. Kwa nini usimuulize?"

Kibiriti alibetua midomo. Mwizi gani huulizwa akakubali? Tangu saa hiyo, kila alichofanya yule mzee kilikuwa na kasoro. Akikohoa, anatoa ishara. Akinyamaza, anapanga njama. Akimsalimia, anajipendekeza.

Alhamisi alasiri, watu walikuwa wamepanga foleni bombani. Mzee Darubini alifika na ndoo yake, akamwita Kibiriti kwa sauti ya chini. "Mjukuu wangu, lile gari la mama yako..."

Kibiriti akawaka. "Liache gari la mama yangu! Nimekuona na kopo lako! Kila siku unakuja kutuibia oili, halafu unajifanya mwema!"

Bomba lilikuwa likimwagika, hakuna aliyelifunga. Mama mmoja alishika mdomo. Mzee Darubini aliitua ndoo yake polepole.

"Nimeendesha mali za watu miaka thelathini na minne," alisema. "Sijawahi kuitwa mwizi." Akaiacha ndoo palepale, akaingia kwake na kufunga mlango.

Mama alipata habari kabla hajafika nyumbani, maana maneno hayana miguu lakini hukimbia. Alimkuta Kibiriti bandani.

"Una hakika na ulichosema?"

"Oili inapungua, mama! Tazama mwenyewe."

Mama alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Uso wake ukabadilika. "Imepungua sana. Jumamosi ningeondoka na gari hili kumfuata bibi yako, injini ingekufa katikati ya barabara." Akainama, akatazama chini. Nyuma ya gurudumu la mbele palikuwa na kopo, na ndani yake tone jipya lilidondoka. Ti! Baadaye kidogo, jingine. Ti!

"Tuanze na gari," mama alisema. "Watu hawavuji oili. Magari ndiyo huvuja."

Aliliinua gari, akamwita Kibiriti amshikie tochi. Akaifungua filta, akaitazama, mpira wake ulikuwa mzima. Kisha akapitisha kidole kwenye uso wa injini, akasita. Akabandua kitu kwa ukucha taratibu. Ilikuwa ringi ya mpira, nyeusi, ngumu, nyembamba kama uzi wa kiatu.

"Hii ni ya kile kipasha oili," alisema. "Ilibaki imeganda hapa. Filta mpya ikakaa juu yake, mpira juu ya mpira. Haiwezi kubana hivyo. Kila injini ikiwaka, oili inasukumwa nje."

Kibiriti akaishusha tochi.

"Ulipopitisha kidole Jumapili, hukuigusa?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi: ilikuwa giza, labda ilijificha. Mama angeamini. Lakini aliwaza ule mlango uliofungwa, na ndoo iliyobaki peke yake bombani.

"Sikupitisha kidole, mama," alisema, machozi yakimtoka. "Nilifuta mara moja tu nikaenda kuruka kamba. Nilikudanganya."

Mama aliigeuza ringi ile kiganjani. "Nami fundi nilifunga bila kuhakikisha," alisema. "Hilo ni langu. La kwako unalijua. Na la mzee wa watu, utalimaliza palepale ulipolianzia."

Kesho yake alasiri foleni ilikuwa ndefu vilevile bombani. Kibiriti alimwendea Mzee Darubini mbele ya watu wote.

"Babu, nilikuita mwizi. Wewe si mwizi. Oili ilivuja kwa sababu nilifanya kazi kwa uvivu na nikasema uongo. Nisamehe."

Mzee akakuna kidevu. "Mimi niliona doa Jumatatu. Jumanne likawa kubwa, ndipo nikaweka kopo nijue gari linavuja kwa kasi gani, na kila siku nilimwaga oili iliyodondokea humo. Nilitaka nimwambie mama yako nikiwa na hakika, kwa sababu fundi hapendi kuambiwa kazi yake inavuja." Akacheka kidogo. "Kumbe na mimi nilikosea. Ningesema siku ile ile, tusingefika huku. Nimekusamehe. Lakini leo ndoo yangu utanibebea wewe."

Kibiriti akaibeba, mkono ukimuuma mpaka mlangoni, na hakunung'unika.

Jumamosi gari jekundu lilirudi salama, bibi akiwa amekaa kando ya mama, jicho moja limefungwa bandeji na jingine likitazama kila kitu kwa furaha. Baada ya chakula, mama alimwita Kibiriti pembeni.

"Mwanangu, unajua kwa nini ulimshuku haraka hivyo?"

"Kwa sababu huchungulia mambo ya watu kila siku?"

"Hapana. Ni kwa sababu ulikuwa na uongo wako mdogo umeuficha, na mwenye kuficha lake hutafuta la mwenzake. Ukifanya kazi, ifanye yote. Usipoifanya, sema hujaifanya. Hilo linarekebishika kwa dakika tano. Na ukimshuku mtu, muulize kwanza kwa adabu, kabla hujamwaibisha mbele ya watu. Injini tumeiponya kwa kubandua mpira. Moyo wa mtu hauponi kwa urahisi hivyo."

"Nimesikia, mama," Kibiriti alisema.