Ubao wa Keram Uliogoma

Kila Jumapili alasiri, Babu Ramzanali na rafiki yake Agostinho walicheza keram, mchezo wa kupiga kete kwa kidole juu ya ubao, nyumbani kwa kina Minaz, ghorofa ya kumi na mbili, mtaa wa Crescent Town, huko ughaibuni. Ubao ulikuwa wa Babu. Alikuja nao kutoka Mwanza, na mtoto yeyote aliyethubutu kuweka kikombe cha chai juu yake alikiona cha moto.

Jumapili moja poda ya kunyunyizia ubao ilikuwa imekwisha. Asubuhi Babu akamtuma Minaz, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, akanunue nyingine. Minaz alichungulia dirishani, akaona theluji inavyomwagika, miguu ikawa mizito ghafla. Kwani kazi ya poda si kulainisha? Mafuta ya nazi yalikuwepo jikoni. Akaupaka ubao wote, akasukuma kete moja, ikateleza mpaka ukingoni. Akajiona profesa.

Tatizo ni kwamba ubao uling'aa kama kikaango. Ili Babu asigundue, Minaz akachukua kitambaa, akafuta na kufuta, mpaka ukabaki utando mwembamba usioonekana kwa macho. Hakujaribu kete tena.

Agostinho akafika na mkewe Lourdes, mwalimu mstaafu wa sayansi, aliyebeba sahani ya sambusa. Babu hakungoja. Akakunja kidole, akafumba jicho moja, akapiga. Kete ikasogea kidogo, ikaganda. Akapiga tena kwa nguvu zote. Kidole kiliuma, kete haikufika hata katikati.

"Agostinho! Umeufanya nini ubao wangu?"

"Mimi? Hata koti sijavua!"

"Jumapili iliyopita uliufuta wewe. Tena nilikuwa nimekufunga. Roho ilikuuma!"

"Ramzanali, miaka yote hii kumbe unaniona tapeli? Lourdes, chukua sambusa zako, twende."

Mwanzoni Minaz alitaka kucheka. Lakini alipomwona Lourdes anafunika sahani na Babu amegeukia ukuta, kicheko kikakatika. Babu hakuwa na rafiki mwingine katika jengo lile zima.

"Anko, usiende," alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hujibu kwa Kiingereza. "Ni mimi. Sikwenda dukani. Nilipaka mafuta ya nazi, halafu nikayafuta ili Babu asijue."

Lourdes akagusa ubao kwa kidole, akatabasamu. "Mafuta yakiwa mengi, kete huelea juu yake. Ukibakiza utando mwembamba sana, haielei tena. Utando unashika ubao chini na kete juu, na kwa kuwa vyote ni laini, vinanatana. Hujaona glasi yenye maji chini yake inavyong'ang'ania meza ya kioo?"

Minaz akausafisha ubao kwa kitambaa cha sabuni, akaukausha vizuri, kisha akavaa koti na kwenda dukani. Alirudi na poda na pua nyekundu.

"Umeona, Minaz?" Babu alisema. "Mafuta uliyoyapaka hayakutugombanisha. Kilichotugombanisha ni yale uliyoyabakiza ulipokuwa unaficha. Ukikosea, niambie mapema, kosa likiwa bado linaonekana." Akakohoa kidogo. "Na mimi nimemsingizia mtu bila kuuliza. Agostinho, nisamehe."

"Nimekusamehe," Agostinho alijibu, mdomo umejaa sambusa. "Sasa kaa nikufunge."

Akamfunga kweli, mara mbili mfululizo, na Babu hakuwa na wa kumlaumu.