Ukurasa Uliookotwa Chini ya Kiti Changu

"Huu ni mwandiko wa nani?"

Karatasi ilikuwa mezani mbele yangu. Imekunjwa mara nne, na katikati ina alama ya soli ya kiatu.

Nilikuwa naitazama kama mtu aliyekutana na gauni lake mwenyewe limevaliwa na mtu mwingine barabarani...

Ulikuwa mwandiko wangu.

Jamani, msinihukumu bado. Kaeni vizuri niwaeleze.

Tulikuwa watano ndani ya kile chumba. Aliyeuliza ni mkuu wa idara, mzee mpole ambaye upole wake unatisha kuliko ukali wa wengine. Kulia kwake ni mwalimu wa kalkulasi, tuliyempa jina Mkasi kwa jinsi anavyokata maksi. Pembeni yangu ni Vipuli, mwenzangu wa chumba bwenini. Jina lake la kuzaliwa wengi wenu hamlijui, ila hereni zake zinajulikana chuo kizima.

Na mwisho wa meza, nyuma ya kompyuta, alikaa katibu wa idara akiandika kumbukumbu za kikao.

Katibu huyo ni shangazi yangu. Dada wa baba, tumbo moja. Alisema mapema kuwa mshitakiwa ni mtoto wa kaka yake, mkuu akamwambia aendelee tu, kazi yake ni kuandika, si kuamua.

Nyie, mngekuwa mimi mngeangalia wapi?

Shitaka lilikuwa fupi. Siku mbili kabla, kwenye mtihani wa mwisho wa kalkulasi wa mwaka wa kwanza, Mkasi aliokota karatasi ile chini ya kiti changu. Ndani yake kulikuwa na swali la nne limefanywa lote, mstari kwa mstari. Adhabu kila mtu anaijua. Mtihani unafutwa, mwaka unarudiwa.

"Ni mwandiko wangu," nikasema.

Nikamsikia Vipuli akishusha pumzi. Kisha akasema, macho yake mezani:

"Nilimwona nayo asubuhi. Nikamwambia aiache chumbani."

Nikamgeukia.

Huyu ni mtu tuliyegawana pasi na ndoo mwaka mzima. Nilipougua macho, yeye ndiye aliyekuwa ananisomea ujumbe wa simu, hata ule wa kijana fulani ambao sitausema hapa. Leo ananizika nikiwa mzima, tena kwa sauti ya upole!

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini sikuruka pale pale kujitetea.

Sekondari nilikuwa mkali wa hesabu. Watu walikuwa wanapanga foleni kwenye dawati langu. Nikaingia chuo nimevimba kichwa, na kalkulasi ikanionyesha cha mtema kuni. Jaribio la kwanza nikapata saba.

Saba kati ya arobaini, ndugu zangu.

Baba yangu ni fundi bomba. Siku ile alinipigia akiwa kwa mteja, chini ya sinki, simu ameiweka sauti ya juu kwa sababu mikono imeloa. Akaniuliza, "Injinia wangu, umepata ngapi?" Nikamsikia mama mwenye nyumba kwa nyuma akisema tunamwombea huyo binti. Ulimi ukateleza.

"Thelathini na moja, baba."

Hadi jioni ukoo mzima ulikuwa na habari. Wateja wa baba nao wakajua, maana baba akifunga koki anafunga na hadithi ya binti yake. Shangazi naye akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Hongera, mwanangu," akasema. "Kama ndivyo, hongera."

Yale maneno mawili, kama ndivyo, sikuyasikia wakati ule. Nimekuja kuyasikia juzi.

Kuanzia hapo nikawa mfungwa. Mtu mwenye thelathini na moja anaombaje msaada? Kwenye kikundi cha majadiliano sikuenda, wangenigundua dakika ya kwanza. Ofisini kwa Mkasi sikuweza kwenda, kwa sababu mlango wake uko ndani ya idara na ili uufikie ni lazima upite mbele ya meza ya Shangazi. Nilifika mara tatu mpaka kwenye ngazi nikarudi. Vipuli aliponiuliza nimepata ngapi, nilikunja karatasi nikamwambia si mbaya.

Nikabaki mimi, ukuta na daftari.

Hilo daftari ndilo lililonivusha, na ndilo lililotaka kuniua. Humo sikuandika majibu. Niliandika makosa yangu.

Kila nilipokosa swali, nililichukua kosa langu nikalinakili upya kwa wino wa bluu, kwa unadhifu, mistari imenyooka, bila alama yoyote ya kuonyesha kuwa ni kosa. Halafu nikaligeuza daftari kichwa chini, nikaandika njia sahihi nyuma kabisa. Mbele makosa, nyuma usahihi. Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, nilifungua mbele nikaanza kumsaka mwizi. Nikishindwa kumwona ndipo nageuza.

Kwa nini niliyapamba? Kwa sababu kosa lenye wino mwekundu halimdanganyi mtu. Kosa la kwenye mtihani linakujia limeoga, limechana nywele, na linakuita kwa jina.

Chukueni hilo swali la nne, ambalo Mkasi alishatupa kwenye mazoezi na kila mtu alijua hupenda kulirudia mtihanini. Kuna tangi lenye umbo la faneli, juu pana, chini limechongoka. Maji yanaingia kwa kasi isiyobadilika. Yakifika kina fulani, yanapanda kwa kasi gani? Mimi nilipolifanya mara ya kwanza nilichukua upana wa mdomo wa tangi nikautumia mwanzo hadi mwisho, kama vile upana wa maji haubadiliki yanavyopanda. Jibu langu likatoka robo tatu tu ya jibu sahihi. Mtoto wa fundi bomba! Nilikwenda kwenye sinki la bweni na faneli ya baba, nikaziba tundu kwa kidole, nikafungulia maji taratibu. Chini yakapanda mbio, juu yakaanza kuvuta miguu. Nikacheka peke yangu pale, na aliyekuwa anafua pembeni akasogeza beseni lake.

Jaribio la pili nikapata ishirini na tisa. Za kweli!

Na sikuwa na wa kumwambia. Kwa ukoo wangu nilikuwa nimeshuka kutoka thelathini na moja. Baba akanifariji eti nisijali, kuteleza si kuanguka. Nililia siku ile, na si kwa furaha.

Vipuli peke yake ndiye aliyeona kuwa kuna kitu. Safari hii matokeo yalibandikwa, na yeye alikuwa amepata kumi na mbili.

"Siku hizi unasomaje?" akaniuliza.

"Nasoma tu."

Nikalisukuma daftari chini ya godoro. Na yeye akaona nilipoliweka.

Basi turudi ofisini.

Mkuu wa idara akaniuliza kama nina la kujitetea. Nilikuwa nalo, ndani ya mkoba. Barua ya kuitwa ilisema nije na madaftari yangu yote. Lakini ukurasa wa kwanza wa lile daftari nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa, siku ile ile ya jaribio: *Saba kati ya arobaini. Baba nimemwambia thelathini na moja.* Kosa namba moja. Nililiandika hapo ili lisinitoke akilini.

Kulitoa daftari ni kulisoma mbele ya Shangazi. Na Shangazi akijua, baba amejua.

Aibu ni kitu kibaya, jamani. Nawaambia ukweli, kwa muda nilipiga hesabu kichwani, nikaona heri kurudia mwaka.

"Andika," mkuu akamwambia Shangazi. "Mwanafunzi hana la kusema."

Sikusikia vitufe. Shangazi alikuwa amekaa, mikono iko juu ya meza.

"Samahani, mzee," akasema. "Kompyuta imekwama. Nipe dakika chache."

Zile dakika chache, sijui nizielezeje. Mkuu akaangalia dirishani. Vipuli alikuwa anazungusha hereni yake. Mimi sikuwa na pa kutazama isipokuwa ile karatasi, na kwa mara ya kwanza nikaisoma. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuona mwandiko tu, akili ikazima.

Nikaiona ile namba ya mwisho. Tangi limechorwa, juu yake bomba, na matone matatu. Mimi kila swali la maji lazima nichore matone matatu, ugonjwa wa nyumbani huo.

"Mwalimu," nikamwambia Mkasi. "Hilo jibu ni sahihi?"

Akanitazama kama namletea utani. Akavaa miwani, akaivuta karatasi. Alikuwa ameuona mwandiko wangu na swali lake, hakuona sababu ya kuhakiki zaidi. Nikamwona midomo yake inahesabu.

"Hapana," akasema taratibu. "Hili ni kosa. Ameuchukua upana kama vile haubadiliki."

Nikamwomba aitoe karatasi yangu ya mtihani. Alikuwa hajaanza kusahihisha, bahasha bado imefungwa. Akaikata, akaipata, akafungua swali la nne. Jibu langu lilikuwa sahihi.

"Naomba na ya mwenzangu."

Hapo Vipuli akaacha kuzungusha hereni.

Ya Vipuli ilikuwa na jibu la kwenye karatasi. Mstari kwa mstari, robo tatu ile ile. Na juu ya tangi kulikuwa na bomba, na matone matatu! Mkuu wa idara aliyahesabu kwa ncha ya kalamu.

Lakini hakuridhika. Akaniuliza kitu ambacho nami ningeuliza: mtu mwenye akili timamu anaandikaje kosa kwa unadhifu namna hii? Lilitoka wapi?

Hakukuwa tena na mlango wa nyuma. Nikafungua mkoba nikalitoa daftari, nikaliweka mezani. Ukurasa wa thelathini na nane ulikuwa umechanwa, na mkuu aliposogeza ile karatasi, mpasuko ukakaa sawasawa. Akaligeuza kichwa chini, akaona njia sahihi. Kisha akarudi mwanzo kabisa, akasoma kwa sauti.

"Saba kati ya arobaini. Baba nimemwambia thelathini na moja."

Shangazi alikuwa anaandika. Vitufe vilikuwa vinalia kama mvua. Sikumtazama.

Vipuli akaanza kulia. Akasema ni yeye aliyeichana daftarini na kuingia nayo, na kwamba Mkasi alipopita karibu, yeye aliidondosha akaisukuma kwa mguu hadi kwenye kiti changu, maana alikaa nyuma yangu. Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nilidhani ni majibu," akasema. "Nani anaandika makosa yake vizuri hivi? Nilikuuliza unasomaje. Ungeniambia."

Nilitaka kumchukia na nikamchukia, mpaka leo kuna siku namchukia. Lakini lile la mwisho lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Ningemwambia, tungekuwa wawili tunaosaka mwizi kila asubuhi. Yeye mtihani wake umefutwa, anarudia mwaka. Mimi kalkulasi nimefaulu, sabini na mbili. Mkasi hajakata hata moja kwenye swali la nne.

Tulipotoka, Shangazi alinifuata hadi kwenye zile ngazi ambako nilikuwa nageuka na kurudi. Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Matokeo ya idara hii nani anayachapa?"

Nikageuka kumtazama.

"Mimi," akasema. "Hiyo saba yako niliiona kabla yako. Mwaka mzima nimekaa pale mezani nakusubiri upite, nimwambie mwalimu akufungulie mlango. Nikawa nasikia miguu yako kwenye ngazi, inarudi. Mficha uchi hazai, mwanangu."

"Na kompyuta?"

"Kompyuta haijawahi kukwama."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Mwaka mzima nilidhani nimefungiwa, kumbe aliyekaa mlangoni alikuwa ananingoja mimi.

Nikamuuliza kama alimwambia baba. Akasema hilo si lake, ni langu.

Nikampigia. Alikuwa kazini, nikasikia maji yanatiririka. Nikamwambia, baba, lile jaribio la kwanza sikupata thelathini na moja.

"Ulipata ngapi?"

"Saba."

Maji yakafungwa. Nikatazama simu kama bado iko hewani.

"Mwisho umepata ngapi? Na usinidanganye."

Nikamwambia mtihani haujasahihishwa bado, lakini alama zikitoka atakuwa wa kwanza kuziona, karatasi yenyewe mkononi mwake. Akaguna. Kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo sababu mnasoma hapa leo:

"Thelathini na moja niliwatangazia watu mimi. Hiyo saba nenda kawatangazie mwenyewe."

Haya. Baba yumo humu kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, namwona. Wateja wake wamo, na yule mama wa sinki aliyeniombea yumo. Ukoo mzima mmo. Na wewe wa mwaka wa kwanza unayeficha karatasi yako chini ya godoro, nimekuandikia wewe hasa. Ichukue, shuka nayo, ingia ofisini kwa mwalimu. Kosa likikaa mwangani linakuwa somo. Likifichwa, siku moja litaokotwa chini ya kiti chako.

Mimi jaribio la kwanza nilipata saba.